Kuchora Njia Juu ya Ramani za Mtandao: Somo kutoka Bonde la Ugalla

Utangulizi

Mgeni akiuliza njia kijijini, mwenyeji huokota kijiti na kuchora mchangani. Huchora mstari mmoja, akaweka alama ya mto, akaweka alama ya njia panda, kisha husema: "Hapa fuata barabara kubwa; kutoka hapa hadi pale sina hakika, uliza mbele; na kama mvua imenyesha usipite upande huu." Kazi hiyo huchukua dakika moja, na ndani yake mna habari za aina tatu: njia inapita wapi, mchoraji anaijua kwa kiasi gani, na inapitika wakati gani.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia kwa simu na kompyuta, juu ya ramani zilizomo katika intaneti. Wasanifu wa programu wamejitahidi kwa muda mrefu kuirahisisha. Katika makala haya tutaeleza jinsi mashine inavyochora njia, hesabu zinazotumika, na sababu za urahisi huo kuweza kumpoteza msafiri. Tutachukua mifano yetu katika nchi ya Ugalla, magharibi ya Tanzania, kwa kuwa huko ndiko kasoro za michoro hii huonekana waziwazi. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kanuni ya Pythagoras na usomaji wa ramani ataweza kufuata somo lote.

Nchi ya Ugalla na njia zake

Mto Ugalla hutiririka kuelekea magharibi na kuungana na Malagarasi, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Pande zake zote ni misitu ya miyombo, iliyokatwakatwa na mbuga. Na neno "mbuga" hapa tunalitumia kwa maana ya wenyeji wa magharibi, yaani bonde tambarare lenye udongo mweusi na majani, lisilo na miti mingi. Wakati wa kiangazi mto hupungua ukabaki madimbwi, na mbuga hukauka hata gari likapita. Kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili mvua hunyesha, mto hufurika, na udongo ule mweusi hugeuka tope linalozamisha magurudumu.

Sehemu ya nchi hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi kutoka pori la akiba mwaka 2019. Wafuga nyuki na wavuvi wana vijia vyao vya miguu na vya baiskeli. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, huvuka mto huo. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda, ipitayo Sikonge na Inyonga, ina urefu wa zaidi ya kilomita 340.

Hebu tulinganishe tarakimu hiyo na umbali wa mstari mnyofu. Tabora ipo takriban latitudo 5° 01' Kusini na longitudo 32° 48' Mashariki. Mpanda ipo takriban 6° 21' Kusini na 31° 04' Mashariki. Tofauti ya latitudo ni 1° 20', ambayo ni kilomita 147 hivi. Tofauti ya longitudo ni 1° 44', ambayo karibu na ikweta ni kilomita 192 hivi. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wa mstari mnyofu ni kipeo cha pili cha jumla ya miraba ya 147 na 192, yaani takriban kilomita 240. Kwa hiyo barabara inazidi mstari mnyofu kwa kilomita 100 nzima. Anayechora njia kwa rula hapati njia, anapata rula.

Tena, njia fupi si lazima iwe njia bora. Mwaka 1871 Henry Stanley alipotaka kutoka Tabora kwenda Ujiji, njia ya kawaida ya misafara ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo. Akazungukia kusini kupitia Ukonongo, kisha akaelekea kaskazini kuvuka Malagarasi. Kwa kilomita alipoteza, lakini alifika. Mfano huu tuukumbuke, kwa maana tutaurudia kwa lugha ya hesabu.

Namna nne za kuchora njia

Programu za ramani hutumia namna nne kuu.

Ya kwanza ni kuchora nukta kwa nukta. Mchoraji hugusa kioo penye kila kona, na mashine huunganisha nukta hizo kwa mistari minyofu. Namna hii humtii mtu kabisa, lakini inachosha. Kijia cha kilomita 10 chenye kona nyingi, kikiwekewa nukta kila baada ya mita 50, kitahitaji migusano 200.

Ya pili ni kuchora kwa mkono huru: mtu huburuta kidole au kipanya, na mashine hurekodi mamia ya nukta kwa mkupuo. Kazi huisha upesi, lakini mstari hutoka ukitetemeka.

Ya tatu ni kufuata barabara. Mtu hutaja mwanzo na mwisho tu. Mashine hutafuta njia katika kumbukumbu yake ya barabara. Asiporidhika, hushika mstari uliochorwa na kuuburuta hadi mahali apendapo, na mashine hupanga upya. Ramani za Google zilianza kuruhusu jambo hilo mwaka 2007, na programu nyingi zikafuata. Kijia kile kile cha kilomita 10 sasa huhitaji pengine migusano mitano.

Ya nne ni kuipita njia yenyewe huku simu ikirekodi mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti. Mchoro wa namna hii hutokana na safari halisi. Mahali peupe simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miti mikubwa hukosea zaidi.

Kidole na kioo

Kwa nini kugusa nukta sahihi ni kazi ngumu? Jibu lipo katika kipimo cha ramani. Katika ramani nyingi za mtandao, ngazi ya sifuri huonyesha dunia nzima katika mraba wenye vitone 256 kila upande. Mzingo wa dunia penye ikweta ni kilomita 40,075. Basi kitone kimoja huwakilisha kilomita 156.5. Kila ngazi inayofuata hugawa urefu huo kwa mbili. Katika ngazi ya 10 tunagawa kwa 1,024, tukapata mita 153 kwa kitone. Katika ngazi ya 15 tunagawa kwa 32,768, tukapata mita 4.8. Kwa kuwa Ugalla haiko mbali na ikweta, tarakimu hizi zinafaa huko bila marekebisho makubwa.

Tuseme ncha ya kidole inafunika vitone 40 vya kioo. Katika ngazi ya 10 kidole kinafunika kilomita 6. Katika ngazi ya 15 kinafunika mita 190. Hivyo mtu anayeitazama nchi yote ya Ugalla kwa mara moja hawezi kuonyesha kwa kidole ng'ambo ya mto anayoikusudia. Akiikuza ramani ili apate usahihi, anapoteza picha ya safari nzima. Msanifu hana budi kumsaidia mtu kati ya mahitaji haya mawili, na msaada uliozoeleka ni kuiachia mashine itafute barabara.

Jinsi mashine inavyotafuta njia

Mwaka 1956 mwanahisabati Mholanzi Edsger Dijkstra, akiwa Amsterdam, alibuni utaratibu wa kutafuta njia fupi kati ya sehemu mbili. Aliutumia kuonyesha uwezo wa kompyuta mpya, kwa ramani iliyorahisishwa ya miji 64 ya Uholanzi, na akauchapisha mwaka 1959. Hadi leo utaratibu huo, pamoja na maboresho yake, ni msingi wa programu za njia.

Mashine haioni ramani kama tuionavyo sisi. Huona vifundo, yaani njia panda na miji, na viungo, yaani vipande vya barabara kati ya vifundo. Kila kiungo kina uzito: unaweza kuwa kilomita, dakika, au gharama nyingine yoyote. Tuchukue mtandao wa kubuni wenye vifundo sita. A ni mji wenye hospitali. F ni kijiji kilichopo ng'ambo ya mbuga. Mhudumu wa afya anapeleka chanjo kwa pikipiki. Chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, naye anazo ndani ya kisanduku chenye vipande vya barafu. Dakika za kila kiungo ni hizi:

A–B: kiangazi 30, masika 30
A–C: kiangazi 50, masika 60
B–C: kiangazi 15, masika 20
B–D: kiangazi 70, masika 90
B–E: kiangazi 60, masika 70
C–D (hupita mbugani): kiangazi 25, masika haipitiki
D–F: kiangazi 20, masika 30
E–F: kiangazi 50, masika 60

Utaratibu ni huu. Andika 0 penye A. Tazama majirani wa A: B hupata 30, C hupata 50. Chagua kifundo chenye tarakimu ndogo kuliko vyote ambavyo bado havijafungwa. Ni B, kifunge. Kutoka B, C hupatikana kwa 30 na 15, yaani 45, ambayo ni bora kuliko 50. Futa 50, andika 45. D hupata 100, na E hupata 90. Sasa kilicho kidogo ni C, kifunge. Kutoka C, D hupatikana kwa 45 na 25, yaani 70, futa 100. Funga D. Kutoka D, F hupata 90. Kupitia E, F ingepata 140, basi 90 inabaki. Tukirudi nyuma kutoka F tunaisoma njia: A, B, C, D, F, dakika 90.

Mwanafunzi arudie hesabu kwa masika, akikifuta kiungo C–D. Atapata B 30, C 50, E 100, D 120, na F 150. Njia ni A, B, D, F. Njia imebadilika, ingawa hakuna barabara iliyohama. Hili ndilo lililompata Stanley mwaka 1871: uzito wa kiungo ulibadilika, na njia ikabadilika.

Sasa tuseme kumbukumbu ya mashine haina habari ya masika. Mashine itachora mstari mzuri kupitia C. Mhudumu atafika C kwa dakika 50, atakuta maji, atarudi B kwa dakika 20, kisha ataenda D kwa dakika 90 na F kwa dakika 30. Jumla ni dakika 190 badala ya 150, hata kama tunadhani mbuga ipo hatua chache tu kupita C na pikipiki haikuzama. Barafu imeyeyuka kwa dakika 40 zaidi, na akina mama wamengoja na watoto wao. Hesabu ya mashine haikukosea hata kidogo. Iliyokosea ni habari iliyopewa.

Mwaka 1968 Wamarekani Hart, Nilsson na Raphael waliuharakisha utaratibu huu kwa kuipa mashine makisio: umbali wa mstari mnyofu hadi mwisho wa safari. Kwa kuwa barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari mnyofu, kama tulivyoona kwa Tabora na Mpanda, makisio hayo hayawezi kuzidi ukweli, nayo huizuia mashine kupoteza muda ikipekua upande usiofaa.

Mnaso na hatari yake

Ili kusamehe unene wa kidole, programu hunasa nukta iliyoguswa na kuihamishia kwenye barabara iliyo karibu zaidi. Mjini Dar es Salaam jambo hili ni msaada mtupu, kwa maana barabara iliyo karibu huwa mita chache tu kando. Ugalla ni tofauti. Kama kijia cha wafuga nyuki hakimo katika kumbukumbu, barabara "iliyo karibu" yaweza kuwa kilomita 10 kando, tena ng'ambo ya pili ya mto. Mashine itainasa nukta huko bila kusema neno, na mstari utaonekana safi na wa uhakika kama ule wa mjini.

Tatizo hapa ni la usanifu. Yule mwenyeji mwenye kijiti alisema, "kutoka hapa hadi pale sina hakika." Programu nyingi hazisemi hivyo. Huchora kwa wino mmoja barabara ya lami, barabara ya udongo, na kipande cha kukisia.

Kuchuja nukta

Mstari uliochorwa kwa mkono huru au kurekodiwa safarini huwa na nukta nyingi kupita kiasi. Kuupeleka kwa mtandao hafifu ni shida, na kuusahihisha ni shida zaidi. Dawa yake ilibuniwa na Ramer mwaka 1972, na Douglas na Peucker mwaka 1973, kila upande kwa kazi yake.

Vuta uzi kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Tafuta nukta iliyo mbali zaidi na uzi. Kama umbali huo ni mdogo kuliko kiasi ulichokiruhusu, tupa nukta zote za kati. Kama ni mkubwa, ihifadhi nukta hiyo, kisha rudia kazi kwa nusu ya kwanza na kwa nusu ya pili. Mwishowe hubaki nukta za kona tu.

Kiasi kinachoruhusiwa ndicho chenye hekima yote. Kwa kijia kilichorekodiwa kwa simu, mita 10 zinatosha, kwa sababu mtikisiko mdogo kuliko hapo mara nyingi ni kosa la kipimo. Lakini mtu akiruhusu mita 500 ili mstari uwe mwepesi, kona inayozunguka mbuga itanyooshwa, na mstari utapita katikati ya mbuga yenyewe. Vilevile, tarakimu tano baada ya nukta ya desimali za digrii zatosha, maana 0.00001 ya digrii ni mita 1 na kidogo tu. Kuandika tarakimu kumi ni kujidai usahihi ambao simu haina.

Yampasayo msanifu

Kutokana na maelezo haya twaweza kutoa kanuni tano.

Kwanza, programu ichanganye namna za kuchora katika safari moja: ifuate barabara pale inapozijua, na imwachie mtu mkono huru pale isipozijua, bila kumlazimisha aanze upya.

Pili, mnaso uwe na mpaka. Nukta ikihamishwa zaidi ya mita 100, tuseme, mashine imwulize mtu kwanza, na isivuke mto mahali pasipo daraja wala kivuko.

Tatu, mstari useme ukweli wake: usiokatika kwa barabara inayojulikana, wa vidoto kwa sehemu iliyokisiwa.

Nne, majira yawe sehemu ya swali. Kabla ya kutafuta njia, mashine iulize: kiangazi au masika?

Tano, mchoro uhifadhiwe ndani ya simu, kwani katikati ya miyombo mawasiliano hukatika, na hapo ndipo njia inapohitajika zaidi.

Hata hivyo, usanifu bora hauwezi kufidia kumbukumbu tupu. Ramani huru ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huruhusu mtu yeyote kuongeza barabara ya kwao na kuandika kwamba hupitika kiangazi tu. Nchini kwetu mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora mitaa inayofurika maji. Hakuna sababu ya kazi kama hiyo kuwa ya mijini tu. Lakini pawe na busara: vijia vya ndani ya hifadhi visitangazwe ovyo, maana ramani haichagui msomaji, na jangili naye husoma.

Mazoezi

1. Chora mtandao wa vifundo A hadi F, na utafute njia ya masika kwa kuandika kila hatua. Je, kama kiungo B–D nacho kitafungwa, njia itakuwa ipi, na itachukua dakika ngapi? (Jibu: A, B, E, F, dakika 160.)

2. Chora njia kati ya shule yako na soko kwa vifundo visivyozidi kumi. Waulize wenyeji dakika za kila kiungo wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Linganisha njia mbili utakazopata.

3. Chora mstari wenye kona ishirini juu ya ubao laini, utie pini penye kila kona, na uuchuje kwa uzi kwa kiasi cha sentimita 1, kisha sentimita 4. Ni kona zipi zilizopotea? Je, kati yake imo iliyokuwa muhimu kwa msafiri?

4. Kokotoa kidole chenye upana wa vitone 40 kinafunika mita ngapi katika ngazi ya 12. (Jibu: takriban mita 1,530.)

Hitimisho

Tumeona kwamba kurahisisha uchoraji wa njia ni kazi ya hesabu na pia ya uaminifu. Hesabu imekwisha kupiga hatua kubwa tangu mwaka 1956. Kilichobaki ni kuifundisha mashine kusema "sina hakika" na "si wakati wa masika", na kuijazia habari ambazo wenyeji wanazo tayari. Mwalimu aliyepo Mpanda, Inyonga au Kaliua anaweza kuanza na darasa lake kwa zoezi la 2 hapo juu. Karatasi na penseli zinatosha. Jedwali la dakika za kiangazi na za masika, likikusanywa kwa makini na wanafunzi wa shule moja, litakuwa habari ambayo pengine haimo katika kompyuta yoyote, na ambayo mhudumu wa afya ataihitaji mvua za Novemba zitakapoanza.